Toa Kidole Kwanza: Diski ya Nje Inapokataa Kuonekana Kwenye Kompyuta

Hotuba hii ilitolewa Lubumbashi mbele ya wapiga picha wa ndoa, makatibu wa parokia na wanafunzi. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Ba papa, ba mama, wandugu, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma karibu na mlango: jambo yenu.

Naomba kila mwenye diski ya nje mfukoni au mkobani ainyanyue juu. Mnaona? Karibu nusu ya ukumbi. Asanteni. Sasa zishusheni polepole, maana kuangusha diski katika mkutano kama huu ingekuwa aibu ya mwaka.

Ndani ya visanduku hivyo kuna ndoa za watu. Kuna daftari za ubatizo. Kuna kazi za mwisho wa masomo ambazo profesa anazingoja kule Kasapa. Na siku moja utachomeka, na kompyuta itanyamaza kama haijakuona. Au itakuletea dirisha dogo la Kifaransa linalosema diski lazima iformatiwe, yaani ifutwe na kupangwa upya, kabla ya kutumika, na chini yake vitufe viwili: «Formater le disque» na «Annuler», yaani kughairi. Wandugu, hapo kidole kinakwenda wapi?

Mnacheka. Basi mnajua kinakokwenda.

Diski isiyoonekana mara nyingi ingali hai, na mafaili yangali ndani yake. Yanakufa katika dakika kumi zinazofuata, kwa mkono wa mwenyewe. Kwa hiyo leo mtanisikia nikirudia maneno mawili hadi mchoke: toa kidole.

Fundi anayejua kazi anajiuliza maswali matatu, na yanafuatana kama vidato vya ngazi. Diski inapata kuranti ya kutosha? Kompyuta inajua kwamba kuna kitu kimechomekwa? Na ikiwa inajua, inaelewa kilichoandikwa ndani? Mtu anayeruka kidato cha kwanza na kukimbilia cha tatu ndiye anayepoteza ndoa ya mtoto wa mwenzake.

Tuanze na kuranti, na hapa nitakaa, maana diski nyingi zinazoitwa maiti zina njaa tu.

Diski ndogo ya mfukoni, ile ya inchi 2.5, haina shaja yake. Inakula volti 5 kutoka kwenye tundu la USB. Kwa kanuni, tundu la USB 2.0 linatoa miliampea 500. Tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi lina ulimi wa buluu ndani, linatoa 900. Diski ikisha kuzunguka haidai kingi. Lakini pale inapoanza, mota inapoisukuma sahani ya ndani inayobeba mafaili kutoka kusimama hadi mizunguko 5,400 kwa dakika, inaweza kudai karibu ampea nzima kwa sekunde chache. Mmeona baiskeli za makala, yaani makaa, zinavyoingia mjini asubuhi? Ikishika mwendo, mtu mmoja anaimudu. Kuiondoa pale iliposimama, anahitajika wa kusukuma nyuma.

Sasa chukueni mpiga picha mmoja wa Katuba. Kompyuta yake ina matundu mawili tu, kwa hiyo amenunua kile kipande kinachogawa tundu moja kuwa manne. Amechomeka panya, modemu, kisoma kadi, na katika tundu la nne, diski ya ndoa. Matundu manne yanakula sahani moja ya miliampea 500! Taa ya diski inawaka, kwa hiyo anasema kuranti ipo. Diski inajaribu kuzunguka, inashindwa, inajaribu tena: tik, tik, tik. Jirani anamwambia, «Hiyo imekwisha.» Anatafuta pesa ya diski mpya, anaomba radhi kwa bwana arusi. Wiki nzima. Na dawa ilikuwa kuchomoa panya, modemu na kisoma kadi, kutupa kigawanyio pembeni, na kuchomeka diski moja kwa moja kwenye kompyuta.

Taa kuwaka haitoshi. Taa inakula miliampea chache tu; inaweza kung'aa vizuri huku mota inakufa njaa.

Kwa kompyuta ya mezani, tumieni matundu ya nyuma, yale yaliyoshikamana na bodi kuu. Ya mbele yanafikishwa kwa waya mwembamba unaopita ndani ya kasha, na volti inapungua njiani. Waya wa nyongeza wa mita mbili au tatu unafanya ubaya huohuo.

Halafu waya wenyewe. Nyaya nyingi zinazouzwa kando ya barabara ni za kuchaji simu tu: zina nyuzi mbili za kuranti, zile mbili za kupitisha data hazimo kabisa. Kwa nje huwezi kutofautisha. Ukichomeka, diski inazunguka, inavuma vizuri, na kompyuta haioni chochote. Jaribu waya huohuo na simu: ikiwa kompyuta haioni mafaili ya simu, shaka iko kwenye waya.

Wengi mna diski zenye mdomo ule mpana, bapa, wenye sehemu mbili zilizoungana. Waya wake unasumbua kupatikana, na mdomo wenyewe hulegea mapema. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawatawaambia: sehemu kubwa ya tundu lile inapokea mdomo wa micro USB wa kawaida, ule wa simu za zamani. Chomeka waya wa simu unaopitisha data katika upande huo. Diski itafanya kazi kwa mwendo wa USB 2.0, taratibu, lakini utajua kama ugonjwa ulikuwa wa waya. Na badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha waya, tundu na kompyuta kwa pamoja, hata ukipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

Diski kubwa za mezani, za inchi 3.5, zina adapta yao ya volti 12. Na hapa kuna hatari ya kweli. Katibu wa ofisi anapoteza adapta wakati wa kuhama. Anafungua droo, anapata shaja ya kompyuta mpakato, anaijaribu: mdomo unaingia barabara! Anafurahi. Lakini shaja ile inatoa volti 19. Unasikika mlio mmoja mdogo, harufu kama plastiki imeungua, basi. Je, mafaili yamekufa? Mara nyingi hapana. Kinachoungua kwanza ni bodi ndogo ya kisanduku, ile inayotafsiri kati ya diski na USB. Hata kuranti ikipita mpaka kwenye diski yenyewe, kuna diodi ya ulinzi inayojitoa mhanga: inashika shoti ili zilizo nyuma yake zipone. Fundi mwenye mita na chuma cha kulehemu anaweza kuiondoa, diski ikazunguka muda wa kutosha kunakili. Kwa hiyo usitupe. Na kabla ya kuchomeka adapta yoyote, soma kibandiko: volti lazima zilingane kabisa, plasi na minasi zikae upande uleule. Ampea zikizidi si neno. Zikipungua ndiyo shida.

Kabla hatujaondoka hapa, tumieni sikio. Mvumo laini usiokatika: sahani inazunguka, nenda kidato cha pili. Kimya kabisa, bila taa: waya, tundu au bodi. Pii-pii nyembamba: mota inataka kuzunguka na haiwezi, ama kwa njaa, ama kwa sababu vichwa vya kusomea vimenata juu ya sahani baada ya kuanguka. Tik-tik ya mpigo ulio sawa: badilisha tundu mara moja, badilisha waya mara moja. Ikiendelea, chomoa na uiweke mezani. Toa kidole. Kila tik ni vichwa vinavyotafuta njia na kuikosa, na vikiwa vimepinda, kila dakika vinakwaruza.

Kidato cha pili: kompyuta inajua kuna kitu?

Hapa wengi hutazama dirisha la mafaili, wakakosa herufi ya diski, kama D au E, wakakata tamaa. Dirisha hilo linaonyesha milango tu, nyumba huwezi kuiona humo. Kuona nyumba, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, kisha Entrée. Linafunguka «Gestion des disques». Huko diski zote zimepangwa chini kwa mistari, hata zisizo na herufi.

Angalia ukubwa kwanza. Diski ya tera 1 huandikwa takriban 931 Go. Msishtuke, hakuna aliyeiba, ni namna mbili za kuhesabu. Ikiwa ukubwa ni sahihi, bodi na diski zinasemezana, na hiyo ni habari njema sana. Ikiwa ni sifuri, au namba ya ajabu, diski yenyewe haijibu. Ikiwa haimo kabisa, rudi kidato cha kwanza, au jaribu kompyuta nyingine kabla ya kulaumu diski.

Kuna ofisi moja yenye folda ya pamoja kwenye mtandao, na folda hiyo imepewa herufi F kwenye kila mashini. Diski ya nje ikichomekwa, Windows inaipa F ileile, maana herufi za mtandao ni za mtumiaji na Windows haizihesabu vizuri. Diski inaingia, lakini mlango una jina la mwingine. Nyumbani kwa mhasibu diski inaonekana, ofisini haionekani, na watu wanaanza kusema kompyuta za ofisi zimerogwa. Dawa: bonyeza kulia juu ya mstari wa diski, chagua «Modifier la lettre de lecteur et les chemins d'accès», mpe herufi ya mbali, R au T. Nusu dakika. Hakuna faili linaloguswa.

Ukiona «Hors connexion» kushoto, bonyeza kulia uchague «En ligne». Lakini dirisha likijitokeza na kusema «Initialiser le disque», likakuuliza MBR au GPT, na wewe unajua diski ina mafaili? Toa kidole. Swali hilo ni la diski mpya. Kwa diski ya zamani maana yake ni kwamba kompyuta haikuweza kusoma ukurasa wa kwanza, na wewe unaombwa ruhusa ya kuandika ukurasa mpya juu yake.

Sitakaa sana kwenye madereva, zile programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kusemezana na chombo. Ikiwa diski inaonekana kwenye kompyuta nyingine ila yako tu, fungua devmgmt.msc, ondoa chombo hicho kwenye orodha, chomoa, washa upya, chomeka. Imetosha.

Kidato cha tatu ni lugha, na hapa ndipo ndoa nyingi huzikwa zikiwa hai.

Diski haihifadhi mafaili hovyo. Kuna mpangilio, kama daftari la parokia lenye safu zake. Windows inaandika kwa NTFS, inasoma pia exFAT na FAT32. Mac ina APFS na HFS+. Linux ina ext4. Mac inaweza kusoma NTFS, ila kuandika inakataa bila programu ya ziada. Na Windows, ikikutana na diski ya Mac, haisemi «mimi lugha hii siijui». Inaweza kukuambia iformatiwe.

Fikirieni hali hii. Mjomba amekuja na harusi ya familia kutoka Ubelgiji, ameirekodi kwenye diski ya Mac. Kijana wa nyumba anaichomeka kwenye Windows. Dirisha linakuja. Kijana anasoma nusu ya sentensi, anabonyeza. Diski ilikuwa nzima! Hapakuwa na ugonjwa! Ilikuwa inasema lugha nyingine, nasi tukaikata ulimi.

Adui wa pili ni dekoda. Ndiyo, ile ya televisheni sebuleni. Dekoda nyingi zinazorekodi, ukizichomekea diski, zinaomba kuiandaa kwa ajili ya kurekodi. Kuiandaa maana yake ni kuifuta na kuipanga upya kwa mpango ambao kompyuta yako haiujui. Diski ya kazi na diski ya mpira wa miguu zisikutane.

Na kama kidole kimeshatangulia? Swali ni moja: ilikuwa format ya haraka au kamili? Ya haraka inaandika daftari jipya tupu, kurasa za ndani zinabaki mpaka utakapoandika juu yake. Kamili, tangu Windows Vista, inaandika sifuri kwenye diski nzima, na hakuna fundi wa Lubumbashi wala wa Ulaya atakayeirudisha. Kwa hiyo baada ya kosa, usinakili kitu, usijaribu «kuona kama inafanya kazi». Chomoa. Kwa SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka, mambo ni magumu zaidi: ikifutwa, yenyewe inaweza kusafisha nafasi ndani ya muda mfupi, kimya kimya.

Sasa neno «RAW». Mkiliona kwenye mstari wa diski iliyokuwa NTFS au exFAT jana, maana yake daftari limechanika. Na kwa kawaida limechanika lini? Mlipochomoa bila kuaga. Au kuranti ilipokatika katikati ya kunakili, jambo ambalo sihitaji kuwaeleza watu wa mji huu. NTFS ina kumbukumbu ya kazi iliyokuwa ikiendelea, ikianguka inaweza kujiinua. ExFAT haina, ndiyo maana inaumia zaidi. Mwenye kunakili ndoa kwenye kompyuta ya mezani bila onduleri, kile kisanduku cha betri kinachoshika kuranti ikikatika, anacheza kamari. Kompyuta mpakato yenye betri nzima ni onduleri tayari.

Mtu atawaambia mpige chkdsk. Ngojeni. Chkdsk inarekebisha daftari ili liwe na utaratibu, haina huruma na mafaili yako. Ikikuta kisichoeleweka inakikata. Na ikiwa diski ni mgonjwa, inaichosha saa nzima. Kwanza angalieni afya. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo inasoma kumbukumbu za diski yenyewe. Tazameni mistari mitatu: 05, C5 na C6. Hizo ni sehemu zilizohamishwa, zinazosubiri, na zilizoshindikana. Zikiwa sifuri, mnaweza kupumua. Zikiwa na namba, na hasa zikipanda kutoka jana hadi leo, diski inakufa, na kazi ya kwanza ni kunakili.

Namna ya kunakili diski inayokufa ni hii. Washa kompyuta kwa Linux kutoka kwenye flashi. Andika lsblk, utambue kwa ukubwa ipi ni mgonjwa na ipi ni ya kupokea. Rudia kuangalia mara mbili, maana ukizigeuza umefuta kwa mkono wako. Diski ya kupokea iwe kubwa kuliko ya mgonjwa. Ingia kwenye folda ya diski hiyo, kisha: ddrescue -n /dev/sdb ndoa.img ndoa.map. Hapa sdb ni mfano wa jina la mgonjwa; wewe weka lile uliloliona kwenye lsblk. Herufi -n inasema chukua kwanza kilicho rahisi, usikwaruze penye kidonda. Ikimaliza, rudi na ddrescue -d -r3 pamoja na majina yaleyale, ijaribu vidonda mara tatu. Lile faili la mwisho, la map, ndilo linalotufaa sisi: linaandika limefika wapi. Kuranti ikikatika saa nane usiku, kesho unaandika amri ileile na inaendelea ilipoishia.

Baada ya hapo mgonjwa anapumzika kwenye droo. Programu za kuokoa mafaili, TestDisk na PhotoRec, mnazitumia juu ya ile nakala. TestDisk inaweza kurudisha mpangilio pamoja na majina. PhotoRec inaokota picha na video moja moja bila majina wala folda, kwa hiyo mjiandae kwa siku za kupanga.

Mambo mawili ya fundi, kisha nishuke. Kuna wanaotoa diski kwenye kisanduku na kuiweka kwenye kisanduku kingine. Ni njia nzuri bodi ikiungua, lakini si kwa zote. Baadhi zina tundu la USB lililolehemiwa kwenye bodi ya diski yenyewe, hakuna cha kutenganisha. Nyingine, kama matoleo kadhaa ya WD My Passport, zinafunga mafaili kwa siri iliyomo kwenye bodi: ukiibadilisha unaona takataka tupu. Msitupe bodi ya zamani, hata ikinuka moshi.

Na anayewaambia mfungue kifuniko cha diski mtazame sahani kwa macho, au muiweke kwenye friza usiku, mkimbieni. Vichwa vya kusomea vinaruka nanomita chache juu ya sahani. Chembe ya vumbi letu jekundu la kiangazi, kwake, ni kama mlima wa taka za mgodi kuanguka katikati ya barabara. Na diski ikitoka friza ikakutana na hewa ya Januari, inatoka jasho ndani. Mnajua maji na kuranti vikikutana.

Kule mlangoni kuna meza yenye nyaya nne zilizojaribiwa, moja yenye mdomo mpana, na adapta ya volti 12. Wale ambao diski zenu hazionekani lakini zinavuma, pangeni mstari wa kushoto, tutaanza na herufi. Wale ambao zenu zinagonga tik-tik, mstari wa kulia, na tafadhali ziacheni mfukoni mpaka mfike mbele. Mama mwenye mkoba wa kijani, nimeona unatafuta waya. Usiichomeke.